Ajali Ina Kinga: Miwani Inayofundisha Hatari

Tunaanza na jambo lililotokea katika darasa moja la watu wazima hapa wilayani Lushoto. Jioni hiyo somo lilikuwa la mtungi wa gesi. Siku hizi watu wengi wanapikia gesi, hata huku milimani ambako tumezoea kuni. Tuliuliza swali moja: "Ukiingia jikoni usiku, ukasikia harufu ya gesi, utafanya nini?"

Wanakisomo walijibu vizuri. Mama mmoja alisimama akataja yote bila kukosea. Usiwashe taa. Usiwashe kiberiti. Funga koki ya mtungi. Fungua mlango na madirisha. Toa watu wote nje. Tukampigia makofi.

Kisha tukafanya jambo la pili. Tuliweka ndoo katika chumba cha jirani, tukasema ndoo hiyo ni mtungi. Tukamwambia yule mama: "Haya mama, sasa ni usiku. Umeamka, unakwenda jikoni. Unasikia harufu ya gesi. Ingia."

Mama akaingia. Jambo la kwanza alilofanya ni kupeleka mkono ukutani. Ta! Akawasha taa.

Darasa zima lilicheka. Hata yeye alicheka. Halafu akanyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, mkono umenitangulia."

Ndugu zetu, maneno hayo ndiyo yametufanya tuandike makala hii. Mama yule hakuwa mjinga. Alijua la kufanya. Alikuwa amelisema dakika tano tu zilizopita. Lakini mkono wake haukujua. Kila usiku kwa miaka mingi mkono ule umewasha taa kwenye ukuta. Na cheche ndogo iliyomo ndani ya swichi inatosha kulipua gesi iliyojaa chumbani.

Tulirudia zoezi. Mara ya pili mkono ulinyanyuka, ukasimama njiani. Mara ya tatu mama aliingia, akafunga koki, akafungua dirisha, akatoka. Mara ya nne tulijaribu kumharakisha kwa kelele. Hakukosea. Sasa mkono nao ulikuwa umesoma.

JE, NI KWELI AJALI HAINA KINGA?

Sote tunaujua msemo huu: Ajali haina kinga. Tunausema msibani. Tunausema mtu akivunjika mguu. Unasaidia kufariji, maana hatupendi kumlaumu mwenye msiba.

Lakini msemo huu una ubaya wake. Ukiuamini sana, hutajiandaa. Utasema, "Kama ni yangu, itanipata tu." Wahenga haohao walisema pia: Tahadhari kabla ya hatari. Tena walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga wasingetuambia tuzibe ufa kama ukuta hauna kinga.

Ukweli ni huu. Zipo ajali ambazo hatuwezi kuzizuia. Lakini wakati mwingine kinachoua watu si ajali yenyewe. Ni yale tunayoyafanya katika dakika moja au mbili za mwanzo. Dakika hizo mtu hana nafasi ya kufikiri. Moyo unapiga mbio, macho hayaoni vizuri, na mwili unafanya ulichozoea. Kama umezoea vibaya, utafanya vibaya.

Basi swali ni hili: Tutauzoeza vipi mwili mambo ya hatari bila kuuingiza katika hatari? Huwezi kuchoma nyumba ili watu wajifunze kuzima moto. Huwezi kumwangushia mtu mti ili ajifunze kukwepa.

Watu wa nchi nyingi wamejiuliza swali hilo. Mojawapo ya majibu yao ni miwani ya ajabu, na leo tunataka kuieleza.

MIWANI HIYO NI NINI?

Miwani hiyo haifanani na miwani ya kusomea. Ni kama kisanduku kidogo. Unakivaa usoni, kinafunika macho yote mawili. Kinashikwa na mkanda unaozunguka kichwa. Ukikivaa huoni tena chumba ulichomo. Unaona mahali pengine kabisa. Unaweza kuona ghala linaungua, au mgodi uliojaa moshi, au mgonjwa amelala kitandani.

Inafanyaje kazi? Hebu tufanye jaribio. Nyosha mkono wako mbele, simamisha kidole gumba. Funga jicho la kushoto, tazama kidole kwa jicho la kulia. Sasa badilisha. Funga la kulia, tazama kwa la kushoto. Umeona? Kidole kinaonekana kama kimeruka. Hakikuruka. Ni kwamba kila jicho linaona picha yake, kwa sababu macho yamepishana kidogo. Ubongo unaziunganisha picha mbili na kupata moja. Hivyo ndivyo tunavyojua kwamba kitu hiki kiko karibu na kile kiko mbali.

Ndani ya ile miwani kuna picha mbili ndogo, moja ya kila jicho. Picha hizo zimepishana kidogo kama macho yetu yanavyopishana. Ubongo unaziunganisha, nawe unaona kama umesimama mahali penyewe. Si kama kutazama televisheni iliyo mbele yako. Unajiona uko ndani yake.

Kuna jambo jingine. Ndani ya miwani kuna vyombo vidogo vinavyojua kichwa chako kimegeukia wapi. Ukitazama juu, unaona paa. Ukigeuka nyuma, unaona mlango ulioingilia. Mikononi unashika vishikio viwili. Ukinyoosha mkono, unaona mkono kwenye picha nao unanyooka. Unaweza kuchukua chombo cha kuzimia moto na kukielekeza kwenye moto. Ukikosea, moto unakua. Lakini wewe huungui.

Kwa Kiswahili jambo hili linaitwa uhalisia pepe. Neno hili lisiwatishe. Uhalisia ni hali ya kuwa kitu cha kweli. Na pepe mnalijua. Wakulima wa mpunga wa kule Mombo wanalijua zaidi. Mpunga pepe ni ule wenye ganda zuri, lakini ukiufungua hauna punje ndani. Kwa nje ni mpunga, kwa ndani ni hewa. Basi moto pepe ni hivyo hivyo. Kwa macho ni moto, lakini hauna joto. Shambani pepe ni hasara. Katika kujifunza hatari, pepe ni faida, maana tunachotaka ni ganda la hatari bila punje yake.

ILIANZIA WAPI?

Mambo haya yalianza na marubani wa ndege. Rubani akikosea angani, hawezi kusema, "Ngoja nianze tena." Mwaka 1929 Mmarekani aitwaye Edwin Link alitengeneza ndege ya kujifunzia isiyoruka. Ilikuwa kama sanduku lenye kiti na usukani. Ilikaa chini, lakini iliinama na kugeuka kama ndege. Marubani wengi walijifunzia humo kabla ya kupaa.

Mwaka 1968 Mmarekani mwingine, Ivan Sutherland, alitengeneza miwani ya kwanza ya namna tunayoeleza. Ilikuwa nzito mno hata ikabidi ining'inizwe darini. Picha zake zilikuwa mistari tu. Leo miwani ya namna hiyo ina uzito wa nusu kilo hivi, na kompyuta yake imo humo humo ndani.

Leo inatumika katika kazi nyingi. Huko Australia waokoaji wa migodini wanafanya mazoezi katika vyumba vya picha zinazowazunguka pande zote, kama wako chini ya ardhi. Huko Marekani, mwaka 2018, kampuni ya maduka ya Walmart ilitangaza kupeleka miwani 17,000 katika maduka yake ili kufundisha wafanyakazi.

Msomaji atasema, "Hayo ni ya matajiri." Ni kweli. Lakini hapa kwa jirani zetu Kenya, katika eneo la Busia, wauguzi na wakunga wamewahi kuitumia. Ilikuwa katika miaka ya 2018 na 2019. Wao hawakupewa mitambo mikubwa. Simu ya mkononi ilitiwa ndani ya miwani ya kisanduku. Muuguzi akivaa, anaona chumba cha kuzalishia. Mtoto amezaliwa, halii, hapumui. Muuguzi anatakiwa achague haraka: sasa nifanye nini?

MTOTO WA PLASTIKI WA HAYDOM

Sasa tuje nyumbani Tanzania. Hapa kwetu ndiko limepatikana fundisho kubwa kuhusu mazoezi ya namna hii. Nalo halikutokana na miwani. Lilitokana na mtoto wa plastiki.

Hospitali ya Haydom iko mkoani Manyara. Kuanzia mwaka 2010 wakunga wa huko walifundishwa kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Mtoto kama huyo hana muda. Anatakiwa kuanza kupumua au kusaidiwa kupumua ndani ya dakika moja ya kwanza. Mkunga anamkausha na kumsugua mgongo. Kama bado hapumui, anamfunika pua na mdomo kwa kifaa maalumu na kumpulizia hewa kwa mfuko wa kubinya.

Wakunga walifanya mazoezi kwa mtoto wa plastiki aliyejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto. Huyu ni mtoto pepe. Walifundishwa siku moja. Walipopimwa baadaye kwa yule mtoto wa plastiki, walikuwa wameboreka. Walijua.

Lakini watafiti waliwatazama pia katika chumba cha kuzalishia, kwa watoto wa kweli. Kumbe! Kazi ilikuwa haijabadilika. Yale waliyoyaweza kwa mtoto wa plastiki hawakuyafanya kwa mtoto wa kweli wakati wa haraka. Ni kama mama yetu wa mtungi wa gesi. Kichwa kilijua, mkono haukujua.

Je, walikata tamaa? Hapana. Walibadilisha namna ya kufundisha. Badala ya siku moja ndefu, walifanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini. Mtoto wa plastiki aliwekwa karibu. Mkunga akipata nafasi, anamchukua, anafanya zoezi, anarudi kazini.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Kwanza, katika kila watoto 1000 waliozaliwa Haydom, 11 hivi walikuwa wanakufa ndani ya saa 24. Baadaye walikuwa 7 hivi. Ndugu msomaji, hesabu hiyo ni watoto. Ni wanne katika kila elfu waliorudi nyumbani mgongoni mwa mama zao.

Kazi hiyo ilipanuliwa. Mazoezi ya namna hiyo, pamoja na vifaa vya kusaidia kazi, yalipelekwa katika hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa 5 ya Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 40 hivi.

Tunajifunza nini? La kwanza, kitu pepe kinaweza kuokoa mtu wa kweli. La pili, na ndilo kubwa, si ubora wa chombo unaookoa. Ni kurudia. Miwani ya bei kubwa ikivaliwa mara moja, ikafungiwa kabatini, haina kazi. Mtoto wa plastiki anayeshikwa kila wiki ana kazi kubwa.

SISI WA USAMBARA TUFANYE NINI?

Vijijini kwetu miwani hiyo haipo. Je, tuisubiri? Hapana. Tunaweza kutengeneza pepe yetu kwa vitu tulivyonavyo. Tunapendekeza mazoezi matatu. Fanyeni katika darasa lenu, katika kikundi cha akina mama, au katika ushirika.

Zoezi la kwanza: Kupuliza dawa shambani

Sisi tunalima kabichi, nyanya, viazi na karoti. Wengi wetu tunapuliza dawa za kuua wadudu na ukungu. Dawa hizi ni sumu. Nyingi huingia mwilini kupitia ngozi, si mdomoni tu. Tatizo ni kwamba sumu haionekani. Ikikurukia mgongoni, unadhani ni jasho.

Basi tuifanye ionekane. Chemsheni chai ya rangi iliyokolea sana. Iacheni ipoe, ichujeni. Tafuteni bomba jipya ambalo halijawahi kutiwa sumu. Kama hakuna, tumieni chupa ya kunyunyizia maji kama ile ya kinyozi. Msitumie kamwe bomba la zamani la dawa kwa zoezi hili.

Mtu mmoja avae shati jeupe lililochakaa na suruali nyeupe, au ajifunge shuka jeupe. Atie chai ndani ya bomba na kupuliza mistari miwili ya mboga kama anavyofanya siku zote. Kisha mtazameni. Chai imeingia wapi? Mtaona mikononi, pale alipokuwa anajaza. Mtaona mgongoni, kama bomba linavuja. Mtaona mapajani, kwa sababu alitembea mbele akipita katika majani aliyokwisha kuyalowesha. Kama alipuliza akielekea upepo, mtaona kifuani na usoni.

Kila doa la chai lingekuwa doa la sumu. Sasa arudie. Safari hii upepo uwe mgongoni kwake au ubavuni. Asipite kwenye majani yaliyolowa. Avae glavu na buti, na suruali iwe nje ya buti ili maji yasiingie ndani. Hesabuni madoa tena. Mtaona tofauti kwa macho yenu.

Zoezi la pili: Kuangusha mti

Wako ndugu zetu wanaofanya kazi ya magogo na mbao, kule Shume na kwingineko. Mti unapoanguka, mkataji anatakiwa aondoke mara moja. Wengi hufikiria njia ya kukimbilia mti ukishaanza kulia. Hapo umechelewa.

Zoezi hili lifanyike msumeno ukiwa umezimwa. Simama kwenye mti. Amua mti utaangukia wapi. Njia yako ya kuondokea iwe nyuma, lakini kwa kukata upande. Isiwe nyuma moja kwa moja, maana shina linaweza kuruka kinyumenyume na kukupiga. Fyeka njia hiyo. Ondoa mizizi, mawe na matawi yatakayokukwaza. Kisha mwenzako apige kelele, "Unaanguka!" Weka msumeno chini na uondoke. Fanya mara tatu kabla ya kuwasha injini.

Watu wengine wote wakae mbali, mara mbili ya urefu wa mti au zaidi. Huku kwetu ni mteremko. Kwa hiyo mtu asikae upande wa chini ya mti, maana gogo likianza kubiringika halisikii jina la mtu.

Zoezi la tatu: Lori la mafuta limepinduka

Zoezi hili ni la wote, hasa ndugu wa Mombo na wa barabara kuu. Malori ya mafuta yanapita hapo usiku na mchana.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Petroli ikamwagika. Watu wakakimbilia na madumu kuichota. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Wengi walikuwa vijana wenye nguvu. Tusiwahukumu marehemu. Tujiulize wenyewe: siku hiyo tungekuwapo, miguu yetu ingetupeleka wapi?

Jueni hivi. Kinachowaka si petroli ya maji yenyewe. Ni mvuke wake. Mvuke huo hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa chini kama ukungu unavyotambaa bondeni asubuhi. Unaweza kusafiri mbali na lori, ukakuta jiko, sigara au injini ya pikipiki. Hapo unawaka, na moto unarudi mpaka kwenye lori. Aliyesimama katikati hana njia.

Chezeni jambo hili kama mchezo wa kuigiza. Wekeni benchi iwe lori. Mmoja awe dereva aliyeumia. Wengine wawe vijana wenye madumu. Mmoja awe mwenye pikipiki. Mmoja awe mwenyekiti wa kitongoji. Anzeni. Nani atasema "Rudini"? Atasimama wapi? Upepo unatoka wapi? Nani atazuia magari? Nani atapiga simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na atapigia wapi? Jibu: akiwa mbali, si karibu na lori.

Mkimaliza, kaeni mzungumze. Kisha rudieni tena, watu wakibadilishana nafasi. Aliyekuwa kijana wa dumu sasa awe mwenyekiti.

MIWANI HAIWEZI NINI?

Tusidanganyane. Uhalisia pepe una mipaka yake. Moto wa kwenye miwani hauna joto wala moshi wa kukohoza. Gogo la kwenye miwani halina uzito. Watu wengine wakivaa miwani hiyo wanapata kizunguzungu na kichefuchefu. Tena inahitaji umeme na fedha, na mtu wa kuitunza.

Kuna jambo jingine la kuangalia sana. Mafunzo yasiwe kisingizio. Mwenye kiwanda, shamba kubwa au kiwanda cha mbao asiseme, "Nimewafundisha, sasa mkiumia ni shauri yenu." Mfanyakazi aliyefundishwa vizuri lakini hana glavu bado ataungua mikono. Miwani ya uhalisia pepe haizuii kipande cha mti kuingia jichoni. Inayozuia ni miwani ya kawaida ya kazi.

Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Sheria hii inamtaka mwajiri afundishe wafanyakazi na awape vifaa vya kujikinga. Inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaojulikana kwa jina la OSHA. Kwa hiyo mfanyakazi akiuliza, "Buti zangu ziko wapi?" hajaleta ukorofi. Ameuliza haki yake. Ninyi mliojua kusoma, someni matangazo yaliyobandikwa kazini. Na kama hayapo, ulizeni kwa nini hayapo.

TUMALIZIE

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio ilikuwa chombo kipya vijijini wakati ule. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vitabu vyao, wakazungumza. Lakini si redio iliyochimba vyoo. Watu walitoka kwenye kikundi wakachukua majembe.

Miwani nayo ni hivyo hivyo. Ni chombo kipya. Ikifika Lushoto, tuikaribishe na tuivae bila hofu. Lakini tusikae tukiingojea. Mkono unaojifunza ni ule unaorudia, uwe umeshika kishikio cha kompyuta au bomba lenye chai.

Yule mama wa mtungi wa gesi alituambia jambo moja alipokuja darasani wiki iliyofuata. Alikuwa amewafanyisha zoezi watoto wake wote nyumbani, taa zikiwa zimezimwa. Mtoto wa mwisho ndiye aliyekosea mara nyingi zaidi. "Lakini mwalimu," alisema, "sikumwacha alale mpaka mkono wake umejua."

Nasi tunasema hivyo hivyo. Leo jioni, kabla ya kulala, chagua hatari moja ya nyumbani kwako au ya kazini kwako. Ifanyie zoezi. Kesho rudia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja ajali moja iliyotokea kijijini kwenu. Watu walifanya nini katika dakika mbili za mwanzo? Wangefanya nini?
2. Kwa nini wakunga wa Haydom hawakubadilika baada ya mafunzo ya siku moja? Ni nini kilichowabadilisha?
3. Mwenzako akisema "Ajali haina kinga", utamjibu nini?
4. Katika kazi yenu, ni vifaa gani vya kujikinga vinavyohitajika? Mnavyo? Kama hamnavyo, mtaanza kwa kumwuliza nani?
5. Chagueni zoezi moja kati ya matatu. Litafanyika siku gani, na nani atalisimamia?